Aliyeshona Ndiye Anayening'inia

Mama Mikanda alikuwa mwoga wa vitu virefu, na wala hakuona haya kusema. Balbu ya sebuleni ikiungua, alikaa gizani mpaka mumewe arudi kutoka kazini. Stuli kwake ilikuwa kitu cha kukalia, si cha kusimamia, na aliyemwambia apande juu yake afute vumbi la kabati aliambulia matusi. Ngazi za ghorofa alizipanda kwa kuambaa ukutani, macho kwenye kisigino cha aliyemtangulia. Na mtu huyohuyo, jamani, riziki yake ilikuwa kushona mikanda ya wapanda milima.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Cherehani nne nzito za kushonea turubai, meza moja ndefu ya kukatia, na harufu ya nailoni iliyochomwa ncha kwa moto isifumuke. Mkanda wenyewe ukiuona mezani huutamani: utepe mpana wa kiunoni, vitanzi viwili vya mapajani, na mbele kitanzi kinene cha kufungia kamba. Lakini kitu hicho ndicho kinachomshika mtu akiteleza huko juu. Ukikatika, hakuna mteja wa kurudi kulalamika.

Kwa hiyo Bosi, mzee mwenye karakana, aliweka sheria moja tu isiyo na msamaha: aliyeshona ndiye anayening'inia. Mkanda ukiisha, fundi anauvaa mwenyewe, anafungwa kamba ya kwenye boriti, anavutwa mpaka miguu iache sakafu, kisha anaachwa abembee hapo huku wenzake wanakunywa chai na kumsengenya akiwasikia. Mama Mikanda, vidole vyake vikiachana na sakafu kwa upana wa kiganja, alifumba macho na kuanza kuwaaga ndugu zake mmoja mmoja. Kicheko, shoga yake wa cherehani ya pili, aliyepewa jina hilo na mtu asiyehitaji kufikiri sana, alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, mikanda ya kwenda milima mikubwa haikupimwa kwenye boriti. Hiyo ilipimwa kwenye mwamba ulioko mwisho wa mji, aliyeshona akiwa ndani yake, juu hasa, na akadondoshwa kidogo makusudi ionekane kama mshono unashika. Hiyo Mama Mikanda hakuigusa. Aliisukuma kwa Kicheko, mwenyewe akabaki na mikanda ya wanafunzi na watu wa kupanda vilima siku za mapumziko.

Kusingekuwa na hadithi kama asingeolewa na Msoma Mita.

Msoma Mita alikuwa mtu wa idara ya maji. Kutwa nzima alitembea nyumba hadi nyumba, anainama, anafunua kifuniko, anasoma namba, anafukuzwa na mbwa. Mtu wa kazi hiyo ungedhani siku ya mapumziko atalala chali aombe miguu yake msamaha. Wapi! Jumamosi alfajiri ameshajitwisha begi, yuko mlimani na wenzake wa chama cha wapandaji. Akirudi, pua imebabuka, midomo imepasuka, vidole vimevimba, na furaha yake haisemeki.

"Hivi huko kuna nini?" Mama Mikanda alikuwa akimuuliza, mwaka nenda mwaka rudi.

"Mawe," anasema Msoma Mita. "Na baridi."

"Na mawe na baridi ndiyo unafuata?"

"Aa, siyo hivyo. Ni... unajua, ukiwa kule..." Hapo anatikisa mkono hewani kama anayemwita kuku, kisha anaomba chai. Mtu aliyejua kusoma kila mita ya mji mzima alishindwa kujisoma mwenyewe.

Kwa miaka mingi Mama Mikanda alivumilia kwa kugomba. Kisha akafa Fundi Redio. Huyo alikuwa rafiki mkubwa wa Msoma Mita, jirani yao wa mlango wa tatu, mcheshi, mpenda sukari. Aliteleza kwenye barafu akiwa anashuka, kilele ameshakipata, anaimba. Hakuna aliyekosea, hakuna kamba iliyokatika. Aliteleza tu. Wakamleta nyumbani, na mkewe akawa anatoka kuanika nguo anasahau kwa nini ametoka, anasimama na beseni mkononi. Mama Mikanda alimwona hivyo kupitia dirisha la jikoni, na siku hiyo kugomba kukageuka kitu kingine. Hakutaka tena kushinda maneno. Alitaka mume wake abaki hai.

Akatumia alichokuwa nacho, yaani cherehani. Mkanda wa Msoma Mita ulikuwa unaletwa kila mara kukaguliwa mishono. Basi kila ulipopita mikononi mwake aliukunja kiunoni kidogo, upana wa uzi mmoja hivi, akaushona tena vizuri usigundulike. Hesabu yake ilikuwa safi: mume ataona mkanda unambana, atasema nimenenepa, nimezeeka, basi tena, niwaachie vijana.

Na kweli Msoma Mita aliona mkanda unambana. Alisimama mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku, akajibinya tumbo. "Mama watoto," akasema kwa huzuni, "nimejiachia."

"Umri huo, mume wangu," Mama Mikanda akamjibu kwa upole, huku moyoni anashangilia. "Usijilaumu."

Kesho yake mwanamume akaanza kukimbia. Akakata sukari, akakata mafuta, mikate akawa anaitazama kwa mbali. Mke akabana tena, mume akaongeza mbio. Mke akabana zaidi, mume akaanza kupanda ngazi za jengo la idara ya maji na gunia la mchanga mgongoni, wafanyakazi wenzake wakimpisha wakidhani amefukuzwa kazi ameshikwa na wazimu. Baada ya msimu mmoja hivi alikuwa mkavu, mwepesi, mapafu kama ya kijana. Chama kilipokaa kuchagua watakaokwenda kwenye kile kilele kikubwa cha barafu, kile kinachoonekana mawingu yakifunguka, chenye sifa ya kutorudisha watu, hakuna aliyebishana. Wakamchagua yeye.

Kicheko aliposimuliwa habari hii nzima alianguka kabisa kwenye marobota ya nailoni. "We mwanamke! Umemtengeneza kwa mikono yako!"

"Nyamaza," akasema Mama Mikanda, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jioni hiyo Msoma Mita alirudi nyumbani anakanyaga hewa. Sebuleni palikuwa na mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiishi nao na kukosoa kila kitu kuanzia chumvi mpaka hali ya hewa. Aliposikia habari ya kilele, mama mkwe aliinuka kimya, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Wawili wakabaki.

"Usiende," akasema Mama Mikanda.

"Nimeshachaguliwa."

"Fundi Redio naye alichaguliwa."

Msoma Mita alivua viatu, akaviweka sawa, akavitazama. "Sikiliza," akasema. "Nimeshindwa kukueleza miaka yote, na sitaweza leo. Tufanye hivi. Kwa safari hii nahitaji mkanda mpya. Ushone wewe. Uupime mwambani wewe, kama sheria yenu inavyosema. Ukae huko juu kidogo tu. Ukishuka ukaniambia nisiende, siendi. Si safari hii tu. Naacha kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Neno liwe lako."

Mama Mikanda hakuamini bahati yake. Ni kama mtu anaambiwa avumilie sindano moja apewe nyumba. Alishona mkanda ule akiwa amenuna na anamwomba Mungu kwa wakati mmoja, na aliushona kuliko alivyowahi kushona chochote. Jibu alikuwa ameshaliweka tayari ulimini. Kilichobaki kilikuwa kupanda, kulia kidogo, kushuka, na kulitoa.

Siku ya kupima walikwenda wanne: Bosi, Kicheko, Mama Mikanda, na Msoma Mita ambaye ndiye aliyeshika kamba chini. Kamba ilipita kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa juu ya mwamba, ikashuka mpaka kiunoni mwa mwanamke. Akaanza kupanda. Kila hatua ilikuwa na tusi lake. Alimtukana Bosi na sheria zake, akaitukana nailoni, akawatukana waliogundua milima, akamwambia Kicheko kwamba akicheka tu atamwangukia yeye. Mara moja aliteleza, akapiga yowe ambalo, wanasema, lilisimamisha mchezo wa mpira kwenye kiwanja cha shule. Mkanda ukamdaka. Akabaki ananing'inia, shavu limegusa jiwe, akilia kabisakabisa.

"Nikushushe?" akaita Msoma Mita.

Yeye alikuwa anatazama mkono wake. Mkono ulikuwa umeshika ukingo wa jiwe, vidole vinne, na haukutetemeka. Akatazama kiunoni: mishono yake mwenyewe, aliyoipiga akiwa na kinyongo, imekaa pale mmoja mmoja, imembeba. Akainua mguu, akaupata mwamba. Akainua mwingine.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuwa amejiandaa nalo. Kichwani mwake kukawa kimya. Sasa kichwa cha Mama Mikanda, kwa wanaomfahamu, hakijawahi kuwa kimya tangu azaliwe. Muda wote mna mtu anapiga kelele humo: jiko umelizima? paa la choo litazibwa lini? mtoto wa pili mbona hapigi simu? yule mteja alitaka mkanda mwekundu au wa buluu? Pale mwambani hao wote walifunga midomo. Palikuwa na jiwe, palikuwa na mahali pa kuweka vidole, na mahali pengine pa kuweka mguu. Kwenye ufa kulikuwa na jani dogo linaota peke yake, akalipisha asilikanyage. Aliogopa, tena sana, lakini woga wenyewe ulikuwa umetulia kama mtu anayeshikilia kazi yake. Akajikuta anacheka, kicheko cha msichana, kikatoka bila ruhusa.

"Nikushushe?" mume akaita tena.

"Subiri!" akasema. "Vuta kidogo. Nataka kuona pale juu."

Alifika juu kiasi cha kuona mapaa ya mji na mabomba ya maji yanayong'aa juani. Bosi akaashiria, kamba ikalegezwa ghafla, akadondoshwa kama sheria inavyotaka, mkanda ukashika barabara. Wakamshusha taratibu. Na katika kushuka huko, Mama Mikanda alijua kitu kimoja cha kutisha: kwamba amejua. Sasa alijua mkono ule wa kumwita kuku hewani ulikuwa unatafuta kusema nini. Na alijua pia, waziwazi, kwamba mtu akishaonja vile atakwenda mpaka kule kwenye barafu, ataimba akishuka, atateleza.

Miguu ikagusa ardhi. Msoma Mita akafungua kamba, akamfuta vumbi shavuni. "Haya," akasema. "Neno lako."

Mama Mikanda alijikung'uta magoti. "Nimechukia," akasema. "Kila kipande. Usiende."

Msoma Mita alimtazama kidogo. "Sawa," akasema, akaanza kukunja kamba.

Na akaacha kweli. Mtu angegoma, angenuna, angepiga milango, Mama Mikanda angejua pa kumshika. Lakini Msoma Mita hakulalamika hata mara moja, na huo ndio ulikuwa msiba. Jumamosi aliamka alfajiri kwa mazoea, akakosa pa kwenda, akaziba paa la choo. Jumamosi iliyofuata akapanga sufuria kwa ukubwa. Iliyofuata akapaka rangi geti, kisha geti la jirani, kisha akaanza kuulizia kama shule ina geti. Mama yake mzazi, aliyekuwa akidai usafi maisha yake yote, alifika mahali akaomba aachiwe angalau kona moja yenye vumbi ili ajisikie yuko nyumbani. Msoma Mita alikuwa hai, amekaa mezani, amechana nywele. Mama Mikanda alimtazama akichanganya chai ambayo haikuwa na sukari, akaona kama amemwibia mtu kitu akamfungia humo ndani.

Ningependa kusema kwamba dhamiri ilimwuma akakiri. Thubutu! Alichofanya ni kwenda mwambani.

Alianza kwa kisingizio. "Nipe huo mkanda wa mlima mkubwa, nitaupima mimi," akamwambia Kicheko.

"Wewe?"

"Una watoto wadogo. Nakupumzisha."

Kicheko akamtazama, kwa mara ya kwanza hakucheka, kisha akacheka sana. Kuanzia hapo kila mkanda mkubwa ulioingia karakanani ulikuwa wa Mama Mikanda. Akawa anapima mikanda iliyokwisha kupimwa. Akawa anapima mikanda ya wanafunzi. Nyumbani alisema karakana ina vikao. Magoti yalichubuka, akasema ameanguka sokoni. Kucha zilikatika, akasingizia cherehani. Na ile balbu ya sebuleni ilipoungua alipanda juu ya stuli akaibadilisha, akashuka ndipo akagundua alichofanya, akaitoa mpya akarudisha iliyoungua, mume asije akauliza.

Sasa Msoma Mita naye alikuwa na ratiba yake, na nyumba ya mwisho kwenye ratiba ile iko chini ya mwamba, ina mita na mbwa mweusi. Alasiri moja amesoma mita, amenyanyuka, akasikia mtu anacheka juu ya kichwa chake. Mke wake mtu anamjua hata kwa kikohozi. Akainua macho. Mama Mikanda alikuwa amejibandika kwenye jiwe, mguu mmoja umekunjwa, ulimi umetokeza pembeni kama anavyofanya akitunga uzi, na Kicheko ameshika kamba chini.

Hakumwita. Alikaa kwenye jiwe, begi la kazi mapajani, akasubiri. Mama Mikanda alipotazama chini akamwona, na nusura aachie. Akashuka. Kicheko akakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni, akawaachia kamba na kila kitu.

"Ulikuwa unataka kufika ile kona?" akauliza Msoma Mita.

"Ndiyo. Mkono haufiki."

"Si mkono. Anza na mguu wa kulia, upeleke mbali kuliko unavyodhani. Mkono utajileta."

Wakakaa. Mbwa mweusi alibweka, akachoka.

"Nilikudanganya," akasema Mama Mikanda. "Siku ile."

"Najua."

"Umejua leo."

"Nilijua siku ileile. Kamba nilishika mimi. Mtu anayechukia hasemi vuta kidogo."

Mama Mikanda akamgeukia, hasira zimempanda mpaka kooni. "Sasa mbona ukanyamaza? Umepaka rangi mageti ya watu, umekunywa chai chungu, umenifanya nione haya ndani ya nyumba yangu, na ulikuwa unajua?"

"Nilikwambia neno liwe lako," akasema Msoma Mita. "Ningekubishia lingekuwa langu."

Hapo ndipo mwanamke alipolia vizuri, si kilio cha mwambani, kile cha kukaa chini na kuchafua kitenge. Alipomaliza alipenga kamasi. Angeweza kusema usiende mara ya pili, na mume angetii mara ya pili, na wangezeeka pamoja katika nyumba yenye sufuria zilizopangwa kwa ukubwa. Alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote. Alimwona mke wa Fundi Redio na beseni lake. Kisha akasema, "Ule mkanda wako mpya niliulegeza kiuno siku ya kupima, unienee. Vua koti nikupime," na Msoma Mita akaelewa kwamba ameambiwa nenda.

Alikwenda kwenye kile kilele, maana chama kilikuwa bado hakijaondoka. Mkanda mpya ulimkaa sawasawa, si wa kubana. Aliagana nao mlangoni, akamshika mkewe kichwa, akambusu mama yake mkono, akatoweka na wenzake.

Ndipo Mama Mikanda akagundua amejitia kwenye shida ambayo hakuwahi kuijua. Safari zote za zamani, mume akiwa mlimani, yeye alikuwa na hasira. Alizunguka nazo nyumba nzima, akapiga nazo deki, akala nazo, akalala nazo. Mjinga yule, alikuwa akisema, ngoja arudi nitamwonyesha. Na mtu unayemgombeza kichwani utadhani yuko chumba cha pili tu. Sasa alizitafuta hasira zile hakuziona. Alijaribu hata kwa sauti. "Mjinga yule," akasema akiwa anaosha vyombo, na maneno yakatoka matupu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mahali ambapo kichwa kinanyamaza, anatafuta pa kuweka mguu, na yeye mkewe angetoa chochote kuwa pale pia. Uliobaki ulikuwa woga peke yake, mzima, bila kitu cha kuufunika. Akakaa chini jikoni, mikono bado ina povu.

Mama mkwe aliingia kutafuta kijiko cha kukosoa. Akamwona, akasimama.

"Hugombi mwaka huu," akasema.

"Siwezi, Mama. Nimepanda mwamba. Nimeelewa."

Mama mkwe alivuta kigoda, akakaa karibu yake, magoti yao yakagusana. Alikuwa na kitambaa safi mkononi, kimekunjwa; akakikunjua, akakikunja tena.

"Alikuwa mdogo sana," akasema, "nilimkuta juu ya paa la jirani. Nikamshusha nimpige. Akaniambia, Mama, kule nilikuwa nasikia raha mpaka tumbo linauma. Nikaona uso wake. Tangu siku hiyo fimbo ikaniisha, na hasira zikaniisha. Nimebaki na nguo za kukunja."

Mama Mikanda alifuta povu kwenye kitenge. Miaka yote alidhani yule mama hajali.

"Umechelewa," mama mkwe akasema. "Nilikuwa peke yangu muda mrefu." Akamgawia upande mmoja wa kitambaa, wakakikunja pamoja.